Mtoto wa miezi mine kwenye ndoa ya Kolwezi

Kama unakaa Lubumbashi, rafiki yako anaoa Kolwezi, na wewe unabeba mtoto mchanga, unajua swali lenye linafuata: tuende ao tubaki? Sisi tulijiuliza hivyo mwezi wa saba. Mtoto wetu alikuwa na miezi mine, na kitu kimoja tu alikuwa anajua: kunyonya.

Mwenye kuoa hakuwa mtu wa mbali. Alitumika na baba ya mtoto kwenye posti moja, mbele ya kuhamia Kolwezi. Wakati baba alivunjika mkono kazini, wiki sita nzima rafiki huyo alifika kwetu kila siku ya Mungu. Alileta unga, siku ingine makala, akakaa, akaongea, akaenda. Hakuomba kitu. Sasa aliomba kimoja: baba asimame shahidi wake kule komini.

Nkambo wa mtoto alisikia, akakasirika. "Miye sikatae ndoa. Lakini mutoto wa miezi ine anatafuta nini ku Kolwezi? Baridi, vumbi, mikono ya batu bote!" Hakusema uongo. Mwezi wa saba, usiku wa kwetu unauma, na Kolwezi iko juu kupita Lubumbashi. Lakini kumwacha mtoto hakukuwezekana, maana anakula kwa mama yake.

Kazini vilevile kulikuwa shida. Siku za sheria ziko kwa ndoa ya mtumishi mwenyewe, kwa uzazi, kwa kilio cha watu wa nyumba. Rafiki hayuko kwenye orodha, hata kama alikufanyia mambo ya ndugu. Baba alibadilishana na mwenzake: apate siku ya posho na siku ya Mungu, kiisha alipe posti mbili za usiku.

Mbele ya kusafiri tulipeleka mtoto kupimwa. Chanjo za wiki 6, 10 na 14 zilikuwa zimekwisha, uzito ulikuwa muzuri. Mama muganga alitupa maneno matatu. Moja: mpaka miezi 6, maziwa ya mama tu, hakuna maji, hakuna uji, hata njiani kukiwa joto. Mama ndiye anakunywa maji mengi. Mbili: neti ya mbu iingie kwenye mzigo, hata wakati wa baridi. Tatu: mtoto akipata homa, akikataa kunyonya ao akipumua mbio mbio, msinunue dawa ya njiani, muende hospitali, wamupime malaria.

Siku ya posho, saa kumi na moja ya asubuhi, tulikuwa kwenye parkingi. Tulilipa nafasi tatu, ijapokuwa tulikuwa watu wawili na mtoto. Pesa iliuma. Lakini kwenye bus ndogo, kama unalipa mbili, jirani atakukalia, na mtoto atafika amebanwa kama bitoyo kwenye gunia. Tulikataa pia kukaa mbele karibu na shofere. Breki moja ya nguvu, mtoto wa mikononi anaenda ku kioo.

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilomita 120. Mpaka Kolwezi, yote pamoja, ni karibu 300. Tulihesabu saa tano: komini ilikuwa saa tano ya asubuhi, tutafika saa ine. Hapo ndipo tulikosa. Barabara ile si ya kuhesabu kilomita. Malori ya shaba na kobalti yanashuka kuelekea Kasumbalesa, mengine yanapanda na mizigo ya shantie, na kila peaji ina mstari wake. Mpaka Likasi tulienda muzuri, mtoto alilala. Mbele ya kufika Fungurume, lori moja lilikuwa limekatika katikati ya njia. Likaziba. Tulisimama.

Saa ya kwanza ikapita. Madirisha wazi, vumbi inaingia. Madirisha yamefungwa, joto. Mtoto akaanza kulia, kile kilio chenye hakinyamazi kwa kubembeleza. Mama mmoja mzee wa nyuma akatoa chupa. "Mama, umupe maji kidogo, mutoto ana kiu!" Wengine wakaunga mkono. Mmoja akasema sisi wazazi wa leo tuna roho ngumu. Kukataa neno la mukubwa mbele ya watu ni vigumu. Tulimjibu na heshima: "Aksanti sana, mama, lakini ananyonya tu." Mama ya mtoto ndiye alikunywa maji, akashuka, akakaa kwenye kivuli cha bus, akamnyonyesha. Yule mama mzee alishuka nyuma yetu. Tuliwaza anakuja kugomba. Akafungua kitenge chake, akakishika juu kama hema, kuzuia vumbi, mpaka mtoto alisinzia. Chupa hakuitaja tena.

Tuliingia Kolwezi saa nane. Komini ilikuwa imekwisha, na kanisa watu walikuwa wanatoka. Mtu mwingine alikuwa ametia saini kwenye nafasi ya baba. Simu yetu ilimfikia rafiki, lakini ofisi haingojee lori. Baba alisimama pale kwenye mulango na vazi lake lenye vumbi, hakujua aseme nini. Rafiki alituona, akaacha watu wa picha, akaja. "Niliwaza mulianguka mu njia. Ile ya kusaini, mwingine alisaini. Mulete mutoto, nimuone."

Usiku tulifanya hivi. Shangazi ya bibi-arusi alitupa chumba nyuma ya nyumba, mbali kidogo na muziki. Mtoto alifungwa mgongoni, na watu wenye walitaka kumubusu walishika mguu tu. Mmoja wetu alibaki chumbani chini ya neti, mwingine akaingia kwenye feti, kiisha tukabadilisha. Mama alipata nusu saa: alitoa zawadi, akacheza wimbo mmoja, akala bukari na kuku, akarudia. Hatukukesha. Wala hatukurudia usiku ule, sababu malori ya usiku si ya kucheza nayo. Tulingojea asubuhi ya siku ya Mungu.

Kwa wazazi wenye wataalikwa kesho, tunaacha haya:

Ondokeni siku moja mbele. Kama kazi inakataa, msikubali kuwa shahidi; mwambieni rafiki ukweli mapema, atafute mwingine.

Chagueni kipande kimoja cha ndoa. Mahari, komini, kanisa na feti, vyote na mtoto mchanga, haviwezekane.

Ombeni chumba kabla ya kufika, si usiku ule ule.

Chukueni nepi mara mbili ya zile mnahesabu. Sisi tulifika na moja.

Nyumbani, nkambo alitungojea kwenye mulango. Alipokea mtoto, akamugusa kichwa, akamufungua nguo, akatazama kila pahali.

"Balimupatia maji?"

"Hapana, mama."

"Alilala?"

"Kidogo."

Akamufunga mgongoni, akaingia naye ndani bila kutuambia neno. Baba alilala saa mbili, akaamka, akavaa botti. Usiku ule alianza kulipa posti ya kwanza.