Mlima Una Wenyewe

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro katikati ya 2024, wageni wa siku moja wamezidi mjini kwetu. Wanashuka asubuhi, wanapanda hadi Morningside kuitazama nyumba waliyoiacha Wajerumani, wanapiga picha mji ukiwa chini na ukungu wa kilele cha Lupanga juu, wanakula ndizi, na jioni wamo safarini kurudi. Karibuni sana. Mji kasoro bahari haujawahi kumfukuza mgeni, na hata maji ya Mto Ruvu mnayokunywa huko Dar yanatoka milimani hapa. Lakini kuna maneno wanayoondoka nayo ambayo nimechoka kuyanyamazia: kwamba mwanamume wa Kiluguru hana sauti nyumbani, kwamba wanawake wa mlimani ni punda wa waume zao, na kwamba wali wetu, mabinti waliovunja ungo, wanachezwa ngoma ili waozwe upesi.

Anayepanda njia ile asubuhi hupishana na akina mama wanaoteremka na matenga vichwani kuelekea Soko Kuu. Mgeni anaona mzigo. Hamwoni mwenye mzigo. Mama yule mara nyingi ametoka katika shamba la lukolo lake, yaani ukoo wa mama yake, na wa mama wa mama yake, kurudi nyuma hadi kwa waliofyeka msitu mara ya kwanza. Mtoto wa Kiluguru ni wa lukolo la mama. Kutoka kwa baba anapata mtala, jina la upande wa pili, ili asisahau damu iliyomzaa. Baba akimpa mwanawe kipande cha shamba la ukoo wake, mtoto hulima, lakini baba akifa ardhi ile hurudi kwa wenyewe. Wa lukolo jingine aliyeomba mahali pa kulima alitoa ngoto, kitu kidogo cha kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Aliyeyasimamia yote hayo ni mndewa, mkuu wa ukoo, na mndewa hurithi jina la aliyemtangulia, ndiyo maana jina la Kingalu wa Kinole, mwenye mvua, halikufa na mtu mmoja. Leo limeandikwa juu ya Soko Kuu lenyewe.

Wanaosema mwanamume wetu hana sauti wamemtafuta penye nyumba isiyo yake. Kwa mkewe ni mkwe, na mkwe ana adabu zake. Kwa dada yake ni mjomba, na neno la mjomba lilimtoa mpwa shuleni au kumrudisha, lilimwoza au kumzuia asiolewe. Mwanamume mmoja alikuwa na nyumba mbili za kuzijibia, na wapwa zake walimwogopa kuliko walivyomwogopa baba yao. Anayeita huo unyonge hajawahi kukaa kikao cha ukoo.

Kutusoma vibaya si jambo la leo. Baada ya vita kuu ya pili, serikali ya Mwingereza iliamua kwamba Waluguru wanauharibu mlima kwa sababu hawajui kulima, ikaleta mpango wa matuta ya lazima. Watu waliolima miteremko ile vizazi na vizazi wakapangiwa siku za kuchimba udongo, na walioshika majembe wengi walikuwa wanawake. Matuta yalipofukua udongo mbaya wa chini na mazao yakadumaa, hakuna aliyewasikiliza. Mwaka 1955 watu walifurika Matombo kukataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Hadi leo sijaona kibao chochote cha utalii kinachomweleza mgeni jambo hilo, ilhali nyumba ya Wajerumani anaonyeshwa.

Na mji wenyewe pia umesomwa vibaya. Msafiri Stanley alipita hapa 1871 akakuta mji wenye ukuta wa mawe na minara, aliouanzisha Kisabengo, na mtawala wakati huo akiwa binti yake, Simbamwene. Kisabengo asili yake ni Mzigua, sitamfanya Mluguru. Ila mji uliotawaliwa na mwanamke kabla reli haijafika 1907 haukupaswa kumshangaza mtu kwa kuwa na wanawake wenye mali.

Sasa mwali, na hapa sitaharakisha. Binti alipovunja ungo, bibi ndiye aliyeitwa. Wanawake peke yao walimpeleka chini ya mti wa mkole, ngoma ikapigwa, kisha akatiwa ndani. Zamani alikaa miezi mingi, hata mwaka na kupita. Hakwenda mtoni, hakutwanga, hakubeba kuni, jua halikumgusa. Fikirieni maana ya jambo hilo kwa mwanamke wa mlimani, ambaye tangu akiwa na miaka mitano hadi kaburini ni mteremko, jembe na tenga. Mara moja tu katika maisha yake ukoo mzima ulimwambia: kaa, wewe ni wa thamani, sisi tutafanya kazi yako. Alipakwa mafuta, akalishwa vizuri. Alipewa mwana hiti, kile kitoto cha mti chenye vishungi viwili kichwani, akakitunza kwa shanga na mafuta kama alivyotunzwa yeye.

Na alifundishwa. Watu hudhani kungwi anafundisha chumba tu. Alifundisha majina: lukolo lako ni lipi, mtala wako ni upi, nani ni ndugu usiyeweza kuolewa naye hata kama mnaishi mabonde mawili mbali. Alimfundisha shamba linaishia kwenye jiwe gani na mti gani. Mengine ni ya ndani, siyaandiki. Siku ya kutolewa alibebwa mabegani, amejaa shanga, uso ameuinamisha kama inavyopasa, na wajomba wakamtuza mbele za watu. Wapo walioozwa wangali watoto, na sheria iwashike waliowaoza. Lakini kosa la baba mwenye tamaa msilibandike kwenye nyumba ya mwali.

Shule ilipokuja mwaka ukawa mwezi, na ilikuwa haki, binti asome. Mwezi ukawa likizo ya Desemba. Siku hizi wapo wanaoingizwa Ijumaa na kutolewa Jumapili, spika za kukodi zikipiga singeli uani, na kungwi amekaa pembeni hana aliyemwuliza neno. Picha zinapendeza. Hakuna aliyetajiwa jiwe wala mti.



Kinachoniuma ni jiwe na mti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeleta hati za kimila, na kijiji kikipima, mara nyingi anayesimama shambani kutaja mipaka ni mume, au mtoto wa kiume aliyepanda kutoka mjini kwa siku hiyo moja. Jina lake ndilo linaloandikwa. Bibi anajua mpaka, lakini haitwi. Mjukuu angeitwa, lakini hakufundishwa. Na sheria ile ile inaruhusu hati kutolewa kwa familia au kundi la watu, kwa hiyo lukolo lingeweza kuandikwa pasipo kumwonea mume wala kumnyima mtoto. Wazee wa ukoo waende ofisi ya kijiji wakadai hilo kabla wapimaji hawajafika, na siku ya kupima wamtangulize bibi shambani, binti aliyetoka ndani akiwa nyuma yake.