Kisukari Wakati Mwili Unapopona

Mtu mwenye kisukari anapougua au kujeruhiwa, sukari katika damu yake hupanda hata pale ambapo hajatia chochote kinywani, jambo linalozishangaza familia nyingi ingawa sababu yake inajulikana. Homa, upasuaji au mfupa uliovunjika huufanya mwili umwage adrenalini na kotisoli, homoni za dharura ambazo huliamuru ini lifungue akiba yake ya sukari na wakati huohuo huipunguzia nguvu insulini, ile homoni ya kongosho inayoiingiza sukari kwenye misuli. Kongosho lenye afya huongeza insulini na hali ikatulia. La mwenye kisukari haliwezi.

Huko Nakuru, nchini Kenya, kisukari si tatizo la watu wachache. Utafiti uliofanywa mwaka 2007 na 2008 miongoni mwa wakazi zaidi ya 4,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea ulionyesha kuwa asilimia 6.6 kati yao walikuwa na kisukari, na takriban nusu ya wote walikuwa na shinikizo la damu. Sukari inapobaki juu kwa muda mrefu, seli nyeupe za damu hulegea katika kupambana na vijidudu, mishipa midogo hushindwa kufikisha damu ya kutosha kwenye kidonda, na mishipa ya fahamu ya miguu hufa ganzi, kiasi kwamba mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha aweza kushinda siku nzima ndani ya gambuti bila kuhisi kuwa lengelenge limekwisha kupasuka.

Kosa kubwa ni kuacha insulini kwa sababu mgonjwa hali chakula. Pasipo insulini, hasa kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mwili huchoma mafuta na kutoa ketoni, yaani asidi zinazoweza kuua kwa muda wa siku chache tu. Kwa hiyo sindano huendelea, sukari hupimwa kila baada ya saa chache, na maji hunywewa kwa wingi. Vidonge vya kisukari vina hesabu nyingine: mgonjwa anayetapika au kuharisha huelekezwa kwa kawaida asimamishe metfomini kwa muda ili asidi isirundikane mwilini endapo figo zitalemewa, ilhali glibenklamaidi, inayolisukuma kongosho litoe insulini, yaweza kumshusha sukari asiyekula hadi chini ya milimoli 4 kwa lita. Soda na poda ya glukosi ambazo wageni humletea mgonjwa, desturi ya upendo lakini yenye hatari kwa mwenye sukari ya milimoli 15, hapo ndipo hugeuka dawa, na nusu ya chupa ndogo ya soda huweza kutosha.

Ugonjwa mmoja unaodai uangalifu wa muda mrefu ni kifua kikuu, ambacho humpata mwenye kisukari mara mbili hadi tatu zaidi ya mtu mwingine na ambacho tiba yake ya kawaida huchukua miezi sita. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, yaweza kuziumiza mishipa ya fahamu ambayo kisukari kimekwisha kuidhoofisha, ndiyo maana huandamana na vitamini B6. Rifampisini, dawa nyingine ya tiba hiyo, nayo hulichochea ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja dawa, hivi kwamba glibenklamaidi na mwenzake gliklazidi huondolewa mwilini kabla hazijafanya kazi yake yote. Sukari hupanda, na daktari hulazimika kuongeza dozi au kuhamia kwenye insulini. Kinachozungumzwa kwa nadra ni upande wa pili wa safari hiyo. Rifampisini inapokoma, vimeng'enya hurudi kwenye kiwango chake cha kawaida baada ya wiki mbili hivi, homa ilikwisha kuondoka zamani, na dozi iliyoongezwa ikiachwa vilevile humshusha sukari usiku mtu ambaye kliniki ya kifua kikuu imekwisha kumruhusu kama aliyepona.