Fahamu Kipimo cha Malaria Kinachotoa Majibu Bila Umeme

CHANG'OMBE, DODOMA – Mzazi anapompeleka mtoto mwenye homa katika kituo cha kutolea huduma za afya, iwe katika Kata ya Chang'ombe jijini Dodoma au kijijini, mtoto huyo anaweza kupimwa malaria kwa kifaa kidogo cha plastiki kisichohitaji umeme, betri wala hadubini. Kifaa hicho ni kipimo cha haraka cha malaria, maarufu kama mRDT.

Mtaalamu huchoma ncha ya kidole na kuchukua takribani mikrolita 5 za damu, yaani sehemu 1 kati ya 200 za mililita moja, kisha huiweka kwenye kifaa na kuongeza matone ya kimiminika maalumu. Ndani mna ukanda wenye matundu madogo mno yanayovuta damu hiyo, kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa.

Damu ikipita hukutana na kingamwili zilizounganishwa na chembechembe za dhahabu. Iwapo ina protini ya vimelea vya malaria, aghalabu ile iitwayo HRP2, kingamwili huinasa na mstari mwekundu hutokea kwenye alama T. Hata mstari hafifu huhesabiwa kuwa ni malaria. Mstari wa alama C huthibitisha kuwa kipimo kimefanya kazi; usipotokea, kipimo hurudiwa. Majibu husomwa baada ya dakika 15 au 20, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji.

Tangu mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani linaelekeza kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 Tanzania Bara, maambukizi yameshuka kutoka asilimia 18 mwaka 2008 hadi asilimia 8 mwaka 2022, na Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye kiwango cha chini. Kwa hiyo, si kila homa ni malaria. Mtoto mwenye nimonia akipewa dawa mseto ya malaria pekee, hupotezewa muda unaoweza kugharimu maisha yake.

Aidha, protini ya HRP2 huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Aliyetibiwa malaria hivi karibuni anapaswa kumweleza mtaalamu.

Wananchi wanahimizwa kupima kabla ya kutumia dawa. Majibu yakionesha hakuna malaria, wasidai dawa hizo, bali waombe chanzo cha homa kitafutwe.