Umbo la Gari na Kazi ya Mwoshaji
Kwa waosha magari wa maeneo kama Soweto jijini Mbeya, ambako masika huleta matope mengi, ugumu wa kazi hutokana zaidi na umbo la bodi kuliko ukubwa wa gari. Ubavu mpana wa Toyota Hiace husafishika upesi, lakini reli ya mlango wake wa kusukuma, yaani mfereji mwembamba ambamo vigurudumu vya mlango hupita, hukusanya mchanga ulioshikana na grisi, hivyo huhitaji brashi ndogo na subira, ambayo si kila mteja anayo. Hatari zaidi ni vitundu vya kutolea maji chini ya milango, kwani vikizibwa na tope, unyevu hubaki ndani ya bati na kutu huanzia humo, hata kama rangi ya nje inang'aa.