Vidonge vya kuzuia usingizi: fahamu haya kabla ya kumeza

Ukivua ndagala usiku kucha huko Rumonge au Nyanza-Lac, kusinzia mchana si ugonjwa. Mwili unadai usingizi wake. Lakini kama unalala vya kutosha usiku na bado usingizi unakuangusha mchana, hata ukiwa unakula, unaongea au uko ndani ya mtumbwi, nenda kituo cha afya.

Chanzo kinaweza kuwa nini?
Malaria, upungufu wa damu, baadhi ya dawa za mafua, au kukoroma huku pumzi ikikatika. Kama umetoka Kongo, mwambie muuguzi ulikoishi. Huenda ni malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 uliua watu wengi kwenye mwambao wa Tanganyika. Leo unatibika. Kwa aina inayopatikana Kongo kuna feksinidazoli, vidonge vya kumeza kwa siku 10 pamoja na chakula. Vidonge vya kukuweka macho haviponyi malale. Vinaficha dalili tu.

Nakolepsia ni nini?
Ni ugonjwa ambao ubongo unashindwa kuongoza saa za kulala na za kuamka. Wengine hulegea viungo ghafla wanapocheka. Si uvivu wala si kurogwa. Hauponi kabisa, lakini daktari anaweza kukuandikia modafinili au methilifenideti ili ubaki macho.

Ukiandikiwa, zingatia haya:
- Meza asubuhi, kwa kipimo ulichopewa. Ukimeza jioni hutalala.
- Mweleze daktari kama una shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo.
- Modafinili hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, hata hadi miezi 2 baada ya kuiacha. Pia inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mama, uliza kwanza.
- Ukitokwa na vipele, acha dawa na urudi hospitali haraka.
- Usimpe mwenzako, na usinunue sokoni.
- Ukivuka mpaka au ukirudi nyumbani kutoka kambini, beba karatasi ya daktari. Dawa hizi zinadhibitiwa na sheria katika nchi nyingi.

Hakuna kidonge kinacholipa deni la usingizi. Mpaka utakapopata matibabu, usiingie ziwani peke yako, wala usiendeshe pikipiki. Waambie wenzako wa mtumbwini hali yako, ili wakuangalie.