Wifi moja, milango tatu: kupanga rezo ya biro za Masisi na Walikale

Mimi ni agronomu, siko fundi wa informatiki. Lakini mu mashirika yetu ya wakulima, mwenye kujua kidogo ordinateri njo anapewa pia kazi ya rezo. Na ndani ya zile ordinateri muko liste za wakulima: majina, nambari za simu, mashamba, franga waliyopokea. Mwaka 2025 vita ilifika Masisi-centre na Walikale-centre. Liste ya namna hiyo ikianguka mu mikono mibaya, inaonyesha njia ya kufika kwa mutu, mpaka nyumbani kwake.

Lakini mu biro nyingi wifi ni moja: komtable, mugeni wa mkutano na kijana wa video, wote wako ndani. Ni sawa na kuweka ngombe na viazi mu shamba moja bila lupango.

VLAN inakata ile shamba vipande. Kila pakiti ya data inabeba namba, kuanzia 1 mpaka 4094, na swichi inaitenganisha na zingine. Tatu zinatosha: 10 ya antena na swichi, 20 ya wafanyakazi, 30 ya wageni. Antena ni ile moja, lakini inaonyesha majina mbili ya wifi, moja ya 20 na moja ya 30.

Kila VLAN inapewa adresi zake. Mimi napenda kufanya hivi: namba ya pili ni biro, ya tatu ni VLAN. Goma ni 1, Masisi 2, Walikale 3. Basi wageni wa Masisi wako mu 10.2.30.0/24, yenye nafasi 254. Wafanyakazi wa Walikale wako mu 10.3.20.0/24. Ukiona adresi, unajua mara moja mutu iko wapi.

Sasa kontrola, ile inayoongoza antena zote, iko Goma. Hapa mambo tatu.

Kwanza, usivute VLAN ya Goma mpaka Walikale. Kila biro iwe na rauta yake, inayogawa adresi palepale, na biro ziunganishwe na njia ya siri ya VPN. Setilaiti ya zamani iko kilometa karibu 36.000 juu, kwenda na kurudi ni karibu nusu sekunde. Data ikipitia kwanza kontrola, kartasi ya Walikale itazunguka Goma mbele ya kufika kwa emprimante iliyo kando yako. Kwa hiyo agiza antena itoe data palepale. Hata intaneti ikikatika, emprimante itaendelea.

Pili, antena mupya inatafuta kontrola kwa kuita ndani ya rezo yake tu, na sauti haivuki rauta. Mu DHCP ya kila biro, andika adresi ya kontrola mu opsheni 43.

Tatu, na hii wengi wanaisahau: VLAN peke yake haifungi mlango. Rauta inajua njia ya kwenda mu VLAN zote, na mara nyingi itapitisha mugeni mpaka kwa komtable kama hukuikataza. Andika amri: kutoka VLAN 30 kwenda 10.0.0.0/8, kataa, kwenda intaneti, ruhusu. Fanya hivyo mu kila biro, si Goma tu.

Ordinateri ikishika wifi lakini ikapata adresi inayoanza na 169.254, haikupewa adresi. Angalia kwanza mlango wa swichi unaoenda kwa antena: lazima upitishe VLAN zote tatu.

Kisha pima. Chukua simu, ingia wifi ya wageni, jaribu kufungua mahali liste inakaa. Ikifunguka, kazi haijaisha. Yule mama wa Masisi aliyetupa jina lake ili apate mbegu hajui VLAN ni nini. Sisi njo tunapashwa kujua.