Damu ya uzazi ipimwe, isikadiriwe kwa macho
Mama amejifungua, mtoto analia, ndugu nje wanapongezana. Chini yake khanga imelowa. Mkunga mmoja ataona ni damu ya kawaida. Mwenzake wa zamu inayofuata atashtuka. Mimi mwenyewe jicho limewahi kunidanganya, kwani damu iliyonywewa na kitambaa huonekana kidogo kuliko ilivyo.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulihusisha hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, na wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hospitali zilizofuata utaratibu mmoja zilipunguza kwa asilimia 60 utokaji mkubwa wa damu, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nao. Hakukuwa na dawa mpya. Mama hutandikiwa plastiki yenye mfuko wa vipimo. Damu ikifika mililita 500, hakuna kusubiri: tumbo la uzazi linakandwa, anapewa oksitosini, asidi ya traneksamiki na dripu, anachunguzwa damu inatokea wapi, na isipokata daktari anaitwa. Vyote kwa mkupuo. Zamani tulijaribu kimoja, tukasubiri, ndipo tukaenda kingine.

Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka huohuo. Ila plastiki zikiisha stoo, tunarudi kukisia.

Ukimsindikiza mzazi, uliza kama damu yake inapimwa. Na akisharudi nyumbani, akianza kulowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mrudisheni hospitali usiku huohuo.